Nairobi haiwakatai wanasayansi

Oktoba 2023, Idara ya Hali ya Hewa ikiwa tayari imetabiri El Niño, ule upashaji joto wa Bahari ya Pasifiki unaoweza kutuletea mvua kubwa, na kaunti zikipigia hesabu pesa za dharura, Rais William Ruto aliwatangazia Wakenya kwamba ile El Niño iliyohofiwa haiji tena, ila mvua kubwa kiasi. Wengi walishusha pumzi. Novemba ikaingia na maji yake. Garissa, Mandera na Tana River zikafurika, barabara zikakatika, na kufikia mwisho wa msimu zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki. Kejeli zikafuata mitandaoni, na katika fani hiyo Wakenya hawana mpinzani. Lakini mzaha mwingi ulimwendea aliyelikanusha onyo. Walioandika onyo lenyewe kule Dagoretti Corner, makao makuu ya Idara, safari hii waliachwa wapumue.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu haliendani na hadithi tunayopenda kusimuliana kila ripoti mpya ya tabianchi inapotoka: wanasayansi wanaonya, wananchi wanapuuza, dawa ni uhamasishaji. Semina, fulana, mabango, kipindi cha redio. Hoteli za Naivasha zimeshiba semina za aina hiyo. Kwa maoni yangu shida ya Nairobi haiko hapo. Mtu wa jiji hili anajua kwamba majira yameharibika, na hahitaji mwenye projekta kumthibitishia. Asichoamini ni kwamba onyo likishatoka kuna mtu atakayefanya jambo kwa ajili yake. Na katika hilo ana ushahidi mwingi kuliko sisi tunaoandika makala.

Marekani wana ubishi wa aina nyingine, na tusiuchanganye na wetu. Mwanasayansi James Hansen alipoiambia Seneti ya nchi hiyo mwaka 1988 kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya shughuli za binadamu, kampuni za mafuta zilikuwa na habari hizo tayari. Wanasayansi wa Exxon walikuwa wamewaeleza wakubwa wao tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na makadirio yao ya joto yamekuja kuonekana kuwa sahihi kupita matarajio. Kilichofuata ni pesa kumwagwa ili umma uone kana kwamba wataalamu bado wanabishana. Shaka ya kule ina mwenyewe, ina bajeti, na siku hizi imekuwa kama kadi ya chama. Hapa kwetu hakuna chama kinachoomba kura kwa kukana tabianchi. Yuko kijana mkulima wa Kisii aliyejipatia jina kwenye mtandao wa X kwa kuipinga sayansi hiyo na kutetea mafuta na makaa ya mawe kwa ajili ya Afrika, lakini BBC ilipomfuatilia mwaka 2024 iligundua kwamba wafuasi wake wengi wako Marekani, Uingereza na Kanada. Sidhani majirani zake wana nafasi ya mjadala huo.

Tena habari hizi si ngeni mjini hapa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lina makao yake Gigiri, na ndilo, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lililounda IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, mwaka 1988. Profesa Richard Odingo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa makamu wenyeviti wa jopo hilo lilipotunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2007, miaka mitatu baada ya Wangari Maathai kupata yake. Mkutano mkuu wa tabianchi wa mwaka 2006 ulifanyika hapa. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walijaa ukumbi wa mikutano wa KICC wakatoa Azimio la Nairobi. Kama kuishi karibu na wataalamu kungetosha kumwokoa mtu, vibanda vya Githogoro, ambavyo unaweza kuvifikia kwa miguu kutoka Gigiri, vingekuwa mahali salama kuliko pote duniani.

Basi tushuke mtoni. Ingia kwenye nyumba za mabati zilizo ukingoni mwa Mto Mathare na utakuta kwamba utabiri umeshafanyiwa kazi. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali, na Aprili ikikaribia huongezwa safu nyingine. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za shule vimo ndani ya kopo lenye mfuniko, juu kabisa, karibu na paa. Unga na mchele havikai sakafuni. Mlangoni pana kizingiti cha saruji cha kuzuia maji, ambacho mpangaji alijijengea kwa pesa yake, na mwenye ploti hakuchangia hata mfuko mmoja wa mchanga. Mpangaji huyu amelisikia onyo na kulifanyia kila linalowezekana ndani ya futi kumi kwa kumi.

Muulize mama mboga wa pale kwa nini hahami, swali ambalo sisi waandishi hatuchoki kuliuliza, na atakurudishia lake: niende wapi, mwanangu? Kodi hupungua kadiri unavyoukaribia mto. Anayelala hatua chache kutoka kwenye maji hakufika hapo kwa kutojua. Alifika kwa hesabu. Akihama wiki mbili kwa hofu ya mvua, chumba kina mpangaji mwingine. Akiacha vitu, vitaibwa. Akivibeba, atavipeleka wapi, na mkokoteni ataulipia nini?

Na hapo ndipo mwaka 2024 ulipoharibu kitu ambacho hatujakizungumzia vya kutosha. Mvua za masika za mwaka huo zilitabiriwa. Idara ilisema mapema kwamba maeneo mengi yangepata kiwango cha kawaida au zaidi. Aprili 24 mito ya jiji ilivunja kingo zake, na mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru ikaamkia juu ya mapaa. Aprili 29, kabla ya mapambazuko, maji yalikifagia kijiji cha Kamuchiri kule Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Msimu ulipokwisha nchi ilikuwa imepoteza karibu watu 300. Serikali ikaamuru wanaoishi karibu na mito na mabwawa waondoke, wengine wakipewa saa 24 tu. Jijini kipimo kikawa mita 30 kutoka mtoni. Kisha, mvua ikiwa bado inanyesha, matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Familia zilizoondolewa ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja zikatafute pa kukaa. Mei 10 ikatangazwa sikukuu ya kuomboleza na kupanda miti.

Sibishi kwamba ukingo wa mto si mahali pa kujenga. Nabisha namna. Katika majuma yale, sauti iliyosema "maji yanakuja" na sauti iliyosema "tunabomoa" zilikuwa moja: chifu yule yule, kipaza sauti kile kile, polisi wale wale. Tangu hapo, mtu wa ukingoni akiambiwa ahame kwa muda kwa sababu mvua kubwa inatarajiwa, anasikia notisi ya kubomolewa. Anabaki kulinda mabati yake. Halafu akizolewa na maji usiku, asubuhi msemaji fulani ataketi mbele ya kamera aseme wananchi walionywa wakakaidi.

Wenye mali nao wana namna yao ya kulipokea onyo. Kwa wakazi wa South C au Kileleshwa mvua kubwa ni foleni, ni umeme kupotea, ni gari kuzimika kwenye dimbwi. Jibu lao ni kununua: kisima, betri za sola, gari lililoinuka. Mwaka 2018, ilipoanza kampeni ya kubomoa majengo yaliyovamia kingo za mito, jumba la Ukay Centre kule Westlands na South End Mall kwenye barabara ya Lang'ata yaliangushwa, na kwa wiki kadhaa watu wa mabandani walishangilia kuona tingatinga limejua njia ya kwenda Westlands. Kampeni ikafifia. Wale waliobaki na orofa zao juu ya mto wamebaki nazo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingefaa kusomwa kwa sauti katika Bunge la Kaunti. Baada ya mafuriko ya 2024, kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, ambalo Mkenya Joyce Kimutai ni mmoja wa watafiti wake, lilichunguza mvua ile na kukadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliizidisha kwa takriban asilimia 5. Asilimia 5. Maafa yenyewe waliyahusisha zaidi na mji unaokua haraka, watu kusongamana mahali pa hatari na mipango mibovu. Kundi hilo hilo lilikuwa limesema mambo tofauti kabisa kuhusu misimu iliyotangulia: kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 huenda zilikuwa na nguvu hadi mara mbili kwa sababu ya joto hilo, na kwamba ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ulifanywa kuwa na uwezekano mkubwa angalau mara 100.

Ona basi nani anaimba wimbo mmoja. Wanasayansi wanapima kila tukio kivyake na kusema hapa tabianchi ni kubwa, hapa ni ndogo. Wanasiasa wamegundua kwamba neno tabianchi linaosha kila kitu. Mtaro umeziba, tabianchi. Daraja limekatika, tabianchi. Nyumba iliidhinishwa juu ya mkondo wa maji na mtu aliyetia sahihi na kugonga muhuri, tabianchi vilevile. Kwa hiyo mkazi wa Mukuru kwa Reuben anaposema hiyo tabianchi yao ni kisingizio, mwelimishaji wa semina anamwandika kama asiyeelewa sayansi. Kwa mafuriko ya 2024, huyo mkazi alikuwa karibu na wanasayansi kuliko walivyokuwa waliokuja kumpa pole.

Hii haina maana kwamba kila shaka ina busara. Kila Julai, Nairobi ikiwa katika baridi yake ya kawaida, ujumbe ule ule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti dunia imekwenda mbali mno na jua, baridi itakuwa kali kuliko miaka yote, tutaugua mafua na vifua hadi Agosti. Ni kweli dunia hufika mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, lakini hufika huko kila mwaka, na umbali wake wa Januari na wa Julai umetofautiana kwa takriban asilimia 3 tu. Baridi yetu inaletwa na mawingu mazito ya miezi hiyo. Ujumbe huo nimetumiwa na watu wenye shahada mbili. Nadhani siri ya umaarufu wake iko mwishoni, pale unapomwambia msomaji la kufanya: vaa nguo nzito, kunywa vitu vya moto, watumie jamaa zako. Kazi hiyo kila mtu anaiweza, na ukiimaliza unajiona umewajali watu wako. Ripoti ya IPCC inaonya dhidi ya ongezeko la joto la dunia kuvuka nyuzi 1.5. Haya, mama mboga afanye nini Jumanne?

Lipo pia deni la utabiri uliokwenda kombo. Wenye umri wangu wanaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998, na kila mara jina hilo likitajwa ndiyo tunayoiona. Mwaka 2015 Bahari ya Pasifiki ilichemsha mojawapo ya El Niño zenye nguvu kuwahi kupimwa, maandalizi yakafanywa, pesa zikatengwa, na mvua ikaja bila kufikia ile ya 1997. Watu wakauliza pesa zilienda wapi, swali la haki, na wakahitimisha kwamba watabiri walidanganya, hitimisho lisilo la haki. Mvua zetu za vuli zinafuata Bahari ya Hindi pengine kuliko Pasifiki. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilielekea upande mmoja. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilifanya kazi karibu peke yake, na maporomoko ya ardhi yakaua watu wengi Pokot Magharibi bila El Niño ya maana. Kuyaeleza hayo kwenye redio kunahitaji kama dakika tatu, ambazo mtangazaji huziona nyingi.

Na kuna nyakati wamekosea kweli. Mapema mwaka 2023 kituo cha ICPAC, kinachotabiri hali ya hewa kwa nchi za Pembe ya Afrika, kilitarajia msimu wa sita wa upungufu. Februari 14 taifa lilikusanyika Nakuru kuomba mvua. Machi mvua ikanyesha, ikawa nzuri kuliko ilivyotarajiwa sehemu nyingi. Unaweza kukisia mahubiri yaliyofuata, na sioni sababu ya kuwakebehi waliosali: mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa ana haki ya kuomba popote anapoona pana sikio. Tatizo ni kwamba kosa la msimu mmoja hubebeshwa sayansi nzima. Kutabiri mvua za miezi mitatu ni kazi ya uwezekano, na uwezekano wa asilimia 60 una zile 40 zake. Onyo la muda mrefu, kwamba hewa ukaa ikizidi joto litapanda, halijakosea hivyo. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kali kuliko yote tangu vipimo vianze, na barafu za Mlima Kenya zimebaki vipande.

Wapo waliojua kulisimamia jambo hili vizuri, na hawakwenda mbali kutafuta hekima. Kule Bunyore, Vihiga, ukoo wa Nganyi umekuwa ukisoma mvua kwa vizazi kupitia miti, ndege na wadudu katika misitu yao. Wataalamu wa idara na wa ICPAC waliketi na wazee hao, kila upande ukaleta utabiri wake, wakalinganisha na kutoa tamko moja kwa wakulima. Hakuna aliyevuliwa taaluma yake. Mkulima akapata kauli yenye sura ya mtu anayemjua, mtu ambaye mvua ikikosea atakutana naye sokoni. Nairobi ya watu zaidi ya milioni 4 haina mzee kama huyo. Ina chifu, na nimeshaeleza chifu amekuwa sauti ya nini.

Huwa najibiwa kwamba haya yote ni kumpigia kelele asiyestahili, kwa kuwa Kenya inatoa chini ya asilimia 0.1 ya gesi zinazochafua anga. Hoja hiyo ni sahihi, na mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 unapaswa kulipwa na waliochafua, kwa mabilioni yanayolingana na madhara. Lakini hakuna nchi tajiri iliyoidhinisha ghorofa juu ya mkondo wa Mto Ngong.

Kinachonifanya niamini kwamba tatizo liko kwenye kinachofuata onyo ni mfano wa kaskazini mwa nchi hii hii. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kavu. Huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa Hunger Safety Net umeundwa ili setilaiti zikionyesha malisho yamekauka kupita kiwango fulani, kaya za ziada zitumiwe pesa moja kwa moja, bila mtu kuandika barua wala mbunge kupiga picha. Mpango una mapengo yake, na katika ukame ule wa misimu mitano Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Hata hivyo mfugaji wa kule ana sababu ya kufuatilia kipimo cha setilaiti: kikishuka, simu yake inaweza kulia.

Jijini, utabiri wa msimu hutoka majuma kadhaa kabla ya tone la kwanza. Muda huo unatosha kuzibua mitaro ya Mukuru. Unatosha kukubaliana na shule na makanisa yatakayofunguliwa usiku, na kutuma elfu chache kwa M-Pesa kabla ya maji badala ya 10,000 baada ya tingatinga. Zaidi ya yote, unatosha kumpa anayehama karatasi iliyotiwa sahihi kwamba mvua zikiisha chumba chake kipo, au kwamba kama hakipo kuna kingine chenye kodi anayoimudu, na namba ya ploti imeandikwa. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu inamlazimisha gavana na kamishna wa kaunti kusema wazi, kabla ya mvua, wanataka watu wa ukingoni waishi wapi. Idara ya Hali ya Hewa haiwezi kuwaandikia.